Moto wa Shikome Chini ya Lori

Mavi makavu ya ng'ombe yakiungua karibu na dizeli, hata leo, mimi moyo huanza kunidunda. Msinicheke jamani, nina sababu.

Miaka ile ya hamsini tuliishi Bugarama, na lori la pamba lililala uani kwetu, maana dereva wake, Maganga, alikuwa mdogo wake baba. Asubuhi moja ya kipupwe, baridi inauma masikio, mama alikuwa bado anahangaika na uchungu ulioanza jana yake. Bibi akatoka ndani akasema, "Maganga, mpeleke hospitali Geita sasa hivi, la sivyo tunawakosa wote wawili."

Maganga akazungusha hendeli. Lori likakohoa, likanyamaza. Akazungusha tena na tena. Wapi! Oili ilikuwa imeganda kwa baridi. "Bila makaa chini ya injini haliwaki hili," akasema, karibu kulia.

Jikoni kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Makaa ya maana yalikuwa shikome tu, kwenye moto wa wanaume wa mavi makavu karibu na zizi, ambao babu hakuuacha uzimike hata siku moja. Mwanamke kuchota pale? Thubutu! Hata Maganga asingeugusa bila ruhusa ya babu. Tena babu na mama walikuwa wakwe, walikwepana sawasawa na mila. Mama akimwona njiani, anapenya kwenye mtama. Mimi mtoto niliamini kabisa kwamba babu hampendi mama yangu.

Basi babu akainuka. Akauzoa moto wote kwenye kipande cha bati, hakubakiza hata cheche, akausukuma chini ya lori, akalala kifudifudi akipuliza, ndevu zimejaa majivu.

"Haya, zungusha!"

Lori likanguruma, weee! Bibi akapiga kigelegele huku analia. Mama alipopitishwa amebebwa, babu akageuza uso.

Mama alirudi salama, mdogo wangu mgongoni. Babu akamwona kwa mbali, akaugeukia ukuta. Nilimkasirikia sana: hata pole?

Mpaka nami nikaolewa, nikapata baba mkwe wa kumkwepa, ndipo nikaelewa. Maskini babu yangu, hakuwa na njia nyingine ya kumwambia, "Mwanangu, usife."