Hasira Isiyomhusu Violeth

Joakim Mihayo alizaliwa Kimali, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka mwalimu alipokuja nyumbani kumwombea aende shule. Kwa njia hiyo ndefu akafika kuwa daktari wa upasuaji katika hospitali moja ya Bariadi. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo. Wagonjwa wa vijijini walimpenda kwa kuwa aliwaamkia kwa Kisukuma na kuwauliza habari za mifugo kabla hajawagusa tumbo.

Kwa miaka mingi alifanya kazi na Tajudin, daktari mwenzake, mtoto wa muuza duka wa pale mjini. Walipokezana zamu, wakala chungu kimoja, wakagombana juu ya mpira tu. Kisha ikaja miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba waliweka mizani yao barabara ya Dutwa, mitumba ikajaa gulioni, na madaktari nao wakaruhusiwa kuwa na zahanati zao. Tajudin akaacha kazi, akafungua ya kwake karibu na soko. Joakim alikwenda siku ya ufunguzi, akala pilau, akampa mkono, akamwombea heri. Hakukanyaga tena pale.

Kazi ya watu wawili ikabaki kwa mmoja. Joakim hakulalamika, na aliyelalamika alimwona mlegevu. Lakini ile sauti yake ndogo ilianza kukua. Alimfokea mfagiaji kwa sababu ya ndoo iliyosahauliwa mlangoni. Alimfokea mzee wa Nkololo aliyechelewa kumleta mjukuu. Nyumbani, mkewe Monika alizoea kumuuliza jambo na kusubiri jibu mpaka chakula kipoe. Joakim mwenyewe hakuona kilichobadilika. Aliamini ni watu waliozidi uzembe.

Asubuhi moja ya msimu wa pamba aliletwa mwanamke ambaye mtoto alikuwa amemkwama tumboni. Wakampasua. Damu ikawa nyingi, Joakim akanyoosha mkono bila kutazama, akaomba kibanio cha kuubana mshipa. Violeth, muuguzi aliyesimama naye mezani tangu enzi za Tajudin, akampa mkasi.

Joakim aliurusha. Ukagonga ukuta karibu na kichwa cha Violeth, ukaanguka sakafuni.

"Kama kazi imekushinda, nenda ukachume pamba!"

Violeth alichukua kibanio, akakiweka katika kiganja cha daktari, wakamaliza. Mtoto alilia, mama akapona, na Joakim akatoka akiamini siku imekwenda vizuri.

Kesho yake aliposalimia wodini, wauguzi waliitikia bila kuinua macho. Kwenye meza ya upasuaji alimkuta muuguzi mwingine. Violeth alikuwa ameomba ahamishiwe wodi ya watoto. Mchana Joakim akaitwa na Felisita, mganga mfawidhi wa hospitali, mama wa makamo aliyemtangulia kazini. Alikwenda amejiandaa kwa karipio.

Felisita alimwonyesha kiti. "Joakim, unamkasirikia nani?"

"Violeth, mama. Siku hizi yule..."

"Violeth alikosea jana. Wewe una miezi unafoka. Nakuuliza tena, taratibu. Unamkasirikia nani?"

Joakim alifungua mdomo kulitaja jina la Violeth, likatoka la Tajudin. Alishtuka kulisikia. Kisha mengine yakafuata, wala hakuweza kuyazuia: kwamba Tajudin hakumshauri, alikuja kumwambia bati la zahanati limeshapigwa, kwamba aliachwa kama jembe shambani, mvua ikija ni juu yake.

"Umewahi kumweleza?"

"Nimweleze nini? Alikuwa na haki ya kuondoka."

"Alikuwa nayo. Lakini wewe umeumia, na anayelipia ni Violeth." Felisita alisogeza kiti chake karibu. "Na mimi nilikuona umebeba mizigo miwili, nikashukuru tu kwamba hulalamiki. Ningekuuliza mapema."

Joakim alitoka pale moja kwa moja hadi wodi ya watoto. Alimkuta Violeth anamnywesha mtoto uji.

"Sista, nilikukosea. Hasira yangu haikukuhusu, na hata kama ingekuhusu, mkasi si wa kumrushia mtu. Nisamehe."

Violeth alimfuta mtoto mdomo kwanza. "Nimekusikia, Dokta. Lakini nikipita mlango wa chumba cha upasuaji, bado nausikia ule mkasi ukigonga ukuta. Niache huku kwanza."

Joakim alitaka kujieleza zaidi. Akajizuia. "Sawa," akasema. Ilimuuma, akaona ni haki yake kuumwa.

Jumamosi alikwenda kwa Tajudin. Walikaa nyuma ya zahanati, chai mkononi.

"Nilidhani hutaki kuniona," Tajudin akasema.

"Nilikuwa sitaki. Uliniacha peke yangu, Taju, wala hukuniuliza."

Tajudin aliinamisha kichwa. "Niliogopa. Nilijua ukisema nibaki, nitabaki." Kisha akaongeza, "Hapa sina wa kumuuliza. Nikiona ugonjwa nisiouelewa, naongea na ukuta."

Waliongea mpaka adhana ya alasiri. Felisita naye alikuwa ameshahangaika na ofisi ya wilaya kutafuta daktari wa kumsaidia Joakim, na baada ya majuma machache ikakubaliwa Tajudin aje kusaidia upasuaji kila Jumanne. Siku hiyo Joakim alipumzika, ingawa mwanzoni hakujua apumzikeje. Alizunguka ua wa nyumba yake mpaka Monika akampa kazi ya kuchambua choroko.

Hakugeuka kuwa malaika. Hasira zilimpanda bado, ila sasa alizijua zikiwa njiani. Akaanza kuwaambia wenzake kabla hawajanawa mikono: "Leo nimelala vibaya. Mkiniona nawaka, semeni." Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Mvua za vuli zilipoanza, Violeth alirudi mezani kwa hiari yake, na siku ya pili tu akasema, bila kuinua sauti, "Dokta, unawaka." Joakim alisimamisha mikono, akavuta pumzi, akaendelea. Wengine nao wakazoea, hata wakaanza kusema ya kwao: huyu ana mgonjwa nyumbani, yule amefiwa.

Mwaka uliofuata alichukua likizo ambayo hakuwahi kuichukua, akaenda Kimali kwa dada yake Salu. Alilala mchana kutwa, mpaka Salu akaingia na maji ya kunywa, akamshika paji la uso.

"Unaumwa, kaka?"

"Hapana, nimechoka tu," akasema Joakim, ambaye zamani alimwona mlegevu kila aliyesema hivyo.

Salu akafunga dirisha ili jua lisimfikie, akaenda kuwafukuza watoto waliokuwa wakicheza karibu na ukuta.