Brashi Ikitoka Jichoni

Wifi yangu akirudi kazini sihitaji kumuuliza siku ilikwendaje. Nautazama mkono wake wa kushoto. Kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko huwa na michirizi ya rangi, mmoja wa asali, mwingine wa udongo, mwingine wa kahawa iliyoungua, maana hapo ndipo anapochanganyia rangi za nyuso za watu kabla ya kuzipandisha usoni kwa sponji. Michirizi ikiwa michache, alipata watu wapole. Mkono ukijaa hadi kiwikoni, kulikuwa na mtu wa kusema "hapana, siyo hii" kutwa nzima.

Ni dada wa mume wangu. Mume wangu kazi yake iko mbali, kwa hiyo nyumbani tuko wanawake watupu: mimi, wifi, na binti yangu ambaye bado ananyonya na ana meno mawili ya kuniumizia. Vyumba ni viwili. Cha mbele analala wifi pamoja na sanduku lake la kazi, na ukimtazama alivyolipangia nafasi utadhani sanduku ndilo lenye chumba, yeye kapangishwa.

Kazi yake ni kupamba watu wanaopigwa picha za matangazo: sabuni, kalenda, mabango ya nguo. Hana ofisi, ofisi yake ni simu. Ikilia anakwenda, isipolia anakaa anaitazama.

"Wifi, hebu nipigie nione kama hii simu ni nzima."

Nampigia nikiwa nimekaa ubavuni mwake. Inalia. "Nzima," anasema, na anaigeuza kifudifudi juu ya godoro.

Huko kazini jina lake hawalijui, au wanalijua na hawana haja nalo. Wanamwita Mekapu. Mekapu yuko wapi? Mekapu, pua inang'aa! Mekapu, toka kwenye taa! Anasimama kutoka asubuhi mpaka wamechoka wengine, kwa sababu uso haumalizwi ukaachwa. Jasho linatoka, mtu anakunywa maji, anajifuta mdomo na kiganja, na Mekapu anarudi kuanza. Kinywani huweka karafuu, maana pua yake kutwa iko karibu na pua ya mtu. Na kabla ya kumgusa yeyote humuuliza, "Umelalaje?" Nilidhani ni heshima tu. Akaniambia hapana, ngozi ya mtu aliyelala na ngozi ya mtu aliyekesha hazishiki rangi sawasawa.

Jioni hukaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, binti yangu mapajani, naye binti anakwangua michirizi ya mkono kwa kucha zake ndogo. Ndiyo starehe yao. Hapo ndipo aliponiambia habari za kiti.

"Yule mama mwenye duka la nguo anafungua sehemu ya vipodozi," alisema. "Anataka mtu wa kukaa pale, apambe wateja, aelekeze. Amesema tukimaliza picha za bango vizuri, ni mimi."

"Kukaa?"

"Kukaa, wifi. Kiti kirefu chenye mgongo. Nimekiona."

Alikisema kile kiti kama watu wanavyosema nyumba.

Siku ya picha za bango nami nilikwenda. Mwanamke wa kupiga pasi alikuwa hakutokea, wifi akanipigia niende upesi. Nikamfunga mwanangu mgongoni. Ilikuwa juu ya duka, chumba cha kuwekea mizigo, maboksi yamesukumwa ukutani na karatasi nyeupe pana imening'inizwa toka juu ikamwagika sakafuni. Hakuna dirisha linalofunguka. Taa zilikuwa kali hivi kwamba pasi yangu ilikuwa kitu cha baridi zaidi mle ndani.

Kabla sijaweka mtoto sawa, wifi alikuwa ananong'ona.

"Vibrashi vyangu nimeviacha nyumbani."

Nikajua ni vipi. Vibrashi vya kutupa, vya kupakia maskara kwenye kope. Kila mtu chake, kila jicho kinachovywa mara moja, kisha takataka. Hiyo ndiyo amri yake kubwa, na nimeisikia mara nyingi nikioga, nikipika, nikinyonyesha: brashi ikitoka jichoni hairudi chupani. Lakini wiki ile alikuwa ameamka na giza kila siku, na asubuhi hiyo alifunga sanduku macho yamefumba nusu. Pakiti ilibaki juu ya kabati.

"Niirudie?"

"Umefika sasa hivi. Na nguo nani atazinyoosha? Nitajikaza."

Wasichana wa kupigwa picha walikuwa wawili. Wa kwanza mrefu, wote pale walimwita Twiga na yeye akaitika bila kinyongo. Wa pili alikuwa binti wa mwenye duka mwenyewe, msichana mpole aliyeomba samahani hata alipokanyagwa yeye.

"Umelalaje?" wifi alimuuliza Twiga.

"Vizuri, dada."

"Hili jicho mbona jekundu?"

"Povu la sabuni. Nilioga harakaharaka."

Wifi alimtazama kidogo. Mwenye duka alikuwa ameshasimama nyuma yao, mikono kiunoni. "Jamani, mchana nina wageni." Basi wifi akaendelea. Rangi, poda, wanja. Alipofika kwenye kope akafungua maskara kwa brashi yake yenyewe ya chupani, akapaka jicho, akachovya, akapaka la pili, akairudisha, akafunga. Niliona, nikiwa na gauni la bluu juu ya meza ya pasi. Yeye pia alijiona. Aliiweka ile chupa pembeni peke yake, mbali na vingine, kama mtu anayejiwekea alama.

Twiga akaenda kwenye karatasi nyeupe. Mpiga picha ni mtu wa maneno mengi, picha moja maneno kumi.

"Kidevu chini. Chini, mama, siyo kulala. Haya, nitazame kama mtu aliyekukopa na sasa amenunua gari!"

Twiga akacheka, naye akabonyeza. Kioo cha nyuma cha kamera yake kilikuwa kimepasuka, hivyo aliyetaka kuziona picha ilibidi agandamize jicho kwenye kitundu anachochungulia yeye. Twiga alitaka kuziona zote. "Ee! Huyu ni mimi?" Akarudi tena kuchungulia. "Ni wewe," mpiga picha akasema, "rudisha jicho la kazi," naye akaweka lake pale pale.

Mtoto wangu akaanza kulia. Kwa kawaida wifi akiwa na nafasi humchukua hata bila kuombwa. Alikuja, akanyoosha mikono, kisha akaikunja tena kifuani.

"Ngoja kwanza," alisema. "Sijanawa mikono."

Nikamnyonyesha nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye pasi.

Ikafika zamu ya binti wa mwenye duka. Akaketi mbele ya kioo, mama yake akasimama kando. Wifi alimpaka taratibu na vizuri, kwa sponji mpya na wanja aliouchonga upya, na uso wa yule msichana ukafunguka kama chumba kilichovutwa pazia. Mwenye duka akalainika. Akagusa bega la wifi.

"Unajua, kile kiti nimeshaagiza kikavishwe kitambaa. Rangi gani unapenda?"

"Yoyote, mama," wifi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Zilibaki kope tu. Nilimwona akiitafuta ile chupa kwa vidole bila kuitazama, kama tunavyotafuta swichi ya taa nyumbani. Ilikuwa moja tu. Akaifungua. Akavuta brashi, akainamisha kichwa cha binti nyuma, akabana pumzi kama afanyavyo akikaribia jicho. Na hapo Twiga akapita nyuma ya kiti kujitazama kiooni. Jicho lake moja lilikuwa linatiririka machozi, na kwenye kona, juu ya wanja mweusi, palikuwa na tongotongo la manjano.

Brashi ilisimama hewani. Mimi mama wa mtoto mchanga tongotongo lile nalijua. Siyo la povu la sabuni.

Wifi aliitazama brashi. Akalitazama jicho la Twiga ndani ya kioo, akalitazama lile alilolishikia. Nikaona anavyohesabu, na nilijua anahesabu nini, kwa kuwa na mimi nilikiona kile kiti. Kupaka mara moja tu, kope za juu, bila kugusa jicho. Nani angejua?

Akaishusha brashi.

"Mama, siwezi kumpaka hii. Imepita kwenye jicho bovu."

"Jicho bovu la nani?"

Hakumtaja. Lakini Twiga alishaziba uso kwa viganja.

"Yaani umempaka mwanangu uchafu?"

"Bado. Haijamfika."

"Bado!" Mwenye duka alilirudia neno lile kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula. "Ulikuwa karibu, basi. Brashi moja macho ya watu wote! Na mimi nakutafutia kitambaa!"

"Pole," yule binti akasema, hatukujua anampa nani pole.

Mpiga picha akamvuta wifi pembeni, karibu na meza yangu. "Mekapu, na wewe! Ungesema imekauka. Ungesema imeanguka. Ungesema lolote."

"Nimechoka kufikiri," wifi akamjibu. Na ulikuwa ukweli mtupu, sijawahi kumwona amechoka vile.

Twiga alilia mpaka maskara ikamfika kidevuni. Alisema ametia dawa ya matone tangu jana, alidhani itatulia, kazi hii alikuwa ameingoja sana. Wifi alimfuta kwa pamba, akaitupa pamba, akamwambia asilale mto mmoja na mtu. Kisha akakusanya vitu vyake. Ile maskara aliitia kwenye mfuko wa takataka na fundo akalikaza kwa meno. Mwenye duka alikuwa kwenye simu anatafuta mpambaji mwingine hata kabla hatujafika ngazi.

Tukarudi nyumbani. Mlangoni akaniambia, "Tangulia na mtoto. Usimpitishe karibu yangu." Akachukua taulo yake, kikombe chake, akajifungia chumba cha mbele na sanduku.

Asubuhi ya pili jicho lake la kulia lilikuwa limegandana. Maana alikuwa amemgusa Twiga kabla ya wote, na mtu aliyechoka hujifuta uso bila kujua. Alikwenda zahanati akapewa dawa. Mimi nilichemsha maji, nikayaacha yapoe, nikaingia na pamba.

"Weka mlangoni, wifi. Una mtoto."

"Nitanawa hadi viwiko. Lala hapo."

Akalala. Sikumbuki kama nilishawahi kuugusa uso wake. Yeye hugusa nyuso za watu kila siku, na wake hakuna anayeugusa. Nikauliza kabla ya kuanza, "Umelalaje?"

Akacheka macho yamefumba. "Vibaya. Ngozi haitashika rangi leo."

Nikafuta kutoka ndani kwenda nje, kila pamba mara moja, kisha nikaitupa. Alikuwa anazisikiliza zikianguka kwenye ndoo. Nje ya mlango mwanangu alikuwa anaupiga ubao kwa kiganja, anamtaka shangazi yake.

"Kiti chenyewe," akasema, "kilikuwa kirefu mno. Miguu ingening'inia."

Nikachukua pamba nyingine.

Simu ililia siku alipokuwa ameanza kuuona mwanga bila kuumia. Nikaiweka sauti ya nje.

"Mekapu," ilikuwa sauti ya mpiga picha, lakini imepoa. "Hivi macho mekundu mnatibu na nini?"

"Kwani nani anaumwa?"

"Rafiki yangu."

"Rafiki yako ana kamera iliyopasuka kioo?"

Wakaangua kicheko wote wawili, na mimi. Mpiga picha akakiri macho yake yote mawili yamefunga, mke wake anamshika mkono kwenda chooni.

"Na yule binti?" wifi akauliza.

"Mzima. Macho meupe kama karatasi. Mama yake ameshaweka mtu kwenye kile kiti, nilimwona kabla sijapofuka. Na bado anakusema."

"Mwache aseme."

Mwenye duka hatajua, na sidhani kama kuna mtu anayeshukuru kwa ugonjwa ambao haukumpata. Wifi aliinamia ile simu kama mtu anayetaka kusikia neno lingine ndani yake. Halikuwemo.

"Jumatatu kuna kalenda," mpiga picha akasema. "Alfajiri. Utakuja?"

"Macho yakiwa meupe."

"Na yangu je? Vinginevyo tutapiga kwa kupapasa."

Jumapili macho yake yalikuwa safi. Alitoka chumba cha mbele na sanduku zima, akaosha brashi moja moja kwa sabuni, akazipitisha kwenye spiriti, akazilaza juu ya taulo vichwa vikining'inia ukingoni mwa meza ili maji yasirudi ndani. Pakiti ya vibrashi vya kutupa akaifunga kwa uzi kwenye mpini wa sanduku, nje, kama kengele ya mbuzi. Kisha akanawa mikono muda mrefu, akakaa kizingitini, akainyoosha.

"Haya, mlete."

Mwanangu kwanza alimshangaa. Halafu akaushika mkono wa kushoto, akautafuta, akaugeuza. Haukuwa na rangi hata moja. Akaanza kuukwangua hivyo hivyo. Nilipoleta beseni la maji ya moto nikakuta wifi amelala akiwa ameketi, mgongo kwenye fremu ya mlango, mtoto mapajani bado yuko kazini. Nikaiingiza miguu yake ndani ya maji mmoja mmoja, polepole, asije akaamka.