Kuku wa Aabo Walipoanza Kukoroma

Aabo, baba yangu, alihamia kwangu Garissa baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake kule Tarbaj. Mzee aliyezeeka akiwa na mifugo sasa aliamka kwenye nyumba ya mabati, hana cha kupeleka malishoni. Hooyo, mama yangu, alinunua kuku sokoni akawafuga nyuma ya nyumba. Aabo aliwadharau. Kwake hao walikuwa ndege tu. Lakini baada ya muda nilimkuta akiwabadilishia maji, na mwishowe ikawa hakuna aingiaye bandani bila ruhusa yake.

Walianza kupiga chafya wakati wa kiangazi. Hooyo alisema ni vumbi, nami nikakubali, maana darasani ninakofundisha nako watoto wote walikuwa wakikohoa. Kisha nikaona povu kwenye pembe za macho na uvimbe chini yake. Jioni, kuku wakishatulia kwenye vijiti vyao, banda zima lilikoroma kama watu wenye pumu.

"Kingekuwa kideri, wangeshakufa," hooyo alijifariji.

Ni kweli, kideri tulikijua, kilikuwa kikifagia kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Hawa hawakufa. Walikonda tu mpaka mfupa wa kifua ukachoma kiganja. Mayai yakapungua, na vifaranga wachache walioanguliwa walidumaa, nao wakipiga chafya.

Aabo alimshika mtetea mmoja, akaweka sikio mgongoni mwake, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Sambab," akasema. Ndivyo wafugaji wetu wanavyoita ugonjwa wa mapafu ya mbuzi.

Nilikwenda kumwita afisa wa mifugo. Alimchinja kuku aliyedhoofika zaidi, akampasua mbele yetu. Ngozi laini za vifuko vya hewa, ambazo alisema huwa angavu, zilikuwa na ukungu, zimeganda vibonge vya manjano.

"Ni ugonjwa sugu wa njia ya hewa," akasema.

Aabo akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Nikipa dawa, bumzi narudi?"

"Itarudi kwa muda, mzee. Lakini kuku akishaugua hubaki nao, na huupitisha kwenye mayai. Vifaranga watazaliwa wagonjwa."

"Sasa nachinja yote?"

"Wote. Halafu banda lisafishwe, likae tupu kwanza."

Nilitaka kumtafuta mtu wa kuifanya kazi hiyo. Aabo alikataa. Asubuhi yake aliwachinja mwenyewe, akisema bismillahi kwa kila mmoja, bila haraka. Afisa alikuwa ametuambia nyama haina madhara, kwa hiyo hooyo aliipika. Aabo hakuigusa.

Nilipomletea chai aliniambia, "Ng'ombe walinifia. Hawa nimewaua kwa mkono wangu."

Nilikaa karibu naye mpaka chai ikapoa.

Mvua zilipokwisha, hooyo aliagiza kuku wengine kutoka Masalani, kwa mfugaji aliyesifiwa kuwa na kuku wazima. Walitaga vizuri. Alimwomba aabo awatunze, naye akasema ana kazi nyingine, ingawa sote tulijua hana. Tangu hapo alikaa nje ya lango kila asubuhi, amegeukia barabara, mpaka jua limfukuze.