Vifo vya Horrie Tunks

Mwaka ulikuwa 1921. La, nimekosea, ni 1922, kwani 1921 Horrie Tunks alikuwa bado na masharubu yake, na siku alipopandishwa kitanzini alikuwa ameyanyoa.

Kitanzi kilikuwa cha sinema. Horrie aliigiza kule Sydney, enzi za picha zisizo na sauti, na kazi yake kubwa ilikuwa kufa. Mwizi wa farasi, mlevi, mzee anayepigwa risasi hadithi haijakolea: wote ni yeye. Akiingia baa, Dunphy muuza nyama humuuliza, "Leo umekufa kifo gani, Horrie?" Naye hujibu kwamba leo risasi; kesho, Mungu akipenda, nyoka.

Mama yake alikaa Wirrabeen, mbali bara, pamoja na Myrtle, dada yake Horrie. Homa ilimziba masikio tangu ujana, akawa anasoma midomo ya watu, na uzeeni kwa msaada wa miwani. Kwa hiyo Horrie alimpelekea salamu ndani ya picha. Mwongozaji wa picha hakujali. "Sema hata bei ya viazi," alimwambia, "mradi mdomo ucheze." Basi Horrie, ndani ya joho la hakimu, anatoa hukumu kali, kumbe anasema: "Mama, soksi zimefika, zimenikaa." Ukumbi mzima wa Wirrabeen unalia, bibi kizee peke yake anacheka.

Lakini lilikuwapo neno moja lililomkaa kooni miaka ishirini. Mdogo wake, Wilf, alizama bwawani. Horrie alisema Wilf alikwenda peke yake. Haikuwa kweli, yeye ndiye aliyemchokoza avuke, akamwita mwoga. Kila alipokaa mezani, na yale macho ya mama yamemtulia mdomoni, ulimi uligoma.

Neno lile lilitaka nafasi, na mwigizaji wa sehemu ndogo husogelewa na kamera usoni kwa muda mrefu anapokufa tu. Ndipo akanyoa masharubu, akapanda kitanzini, akasema yote polepole: bwawa, Wilf, ni mimi, nisamehe.

Picha ikafika Wirrabeen. Baadaye ikaja keki ya matunda, kama ilivyokuja kila mwezi, na kikaratasi: picha nzuri, ule vizuri. Horrie akangoja. Kabla hajapata ruhusa ya kwenda, mama akafa.

Baada ya maziko, Myrtle akimmiminia chai, alimsimulia mengi ya mama, mojawapo kwamba alikuwa hawezi kumtazama mwanawe akifa. Kifo kikikaribia, huvua miwani, akaifutafuta kwa leso mpaka yaishe.

"Na siku ya kitanzi je?"

"Mimi nilikuwa natazama picha, Horrie. Sikumtazama yeye."

Akamuuliza mkata tiketi wa ukumbi. Akamuuliza mpiga piano aliyezisindikiza picha. Hata picha za sauti zilipoingia na kazi ya kufa ikamwishia, mtu yeyote wa Wirrabeen akipita Sydney, Horrie humshika mkono:

"Siku ile, mama alikuwa amevaa miwani?"