Sauti ya Mama Kwenye Spika za Sinema

Naikumbuka, mwanangu, alasiri ile mkokoteni uliposimama mbele ya nyumba yetu pale Ujiji, umebeba spika mbili za jumba la sinema. Nilikuwa mwalimu kijana, ndoa yangu bado mbichi. Spika zenyewe hazikuwa kama hizi zenu za kutia mfukoni. Kila moja ilikuwa sanduku la mbao kubwa kama kabati, na juu yake honi nyeusi ya bati, mdomo wazi kama tarumbeta la jitu. Mlangoni hazikupita. Mume wangu, Ramazani, aling'oa fremu ya dirisha ndipo zikaingia, na dirisha likakaa siku nyingi limezibwa kwa kanga yangu.

Jumba lile lilikuwa limeshakufa. Watu walianza kutazama video majumbani, na mwenye jumba akataka kuligeuza ghala la mahindi. Ramazani alikuwa fundi redio, mtoto wa watu waliovuka ziwa kutoka Uvira, mchache wa maneno. Majirani walidhani amezichukua spika kwa ajili ya muziki. Alizichukua kwa ajili yangu.

Maana mimi si wa huku. Nililetwa na ajira kutoka Kilosa, nikamwacha mama yangu kule na mdogo wangu. Simu hatukuwa nazo, na mama hakujua kuandika. Basi mdogo wangu alimrekodi kwenye kaseti, akampa mtu anayepanda treni, nami nikamsikiliza kwenye redio yetu ndogo. Redio ile ilimfanya mama asikike kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Nikisikiliza nalia. Ramazani aliniona nalia. Akatoka, akarudi na mkokoteni. Wapo wanaume wa namna hiyo, mwanangu. Ukimpata, mvumilie na vumbi lake la mbao.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Spika zile zilizoea kusema na ukumbi uliojaa mpaka nyuma, na chumba chetu kilikuwa cha kitanda na meza. Ramazani alipowasha tu, mama yangu akanguruma kama radi: "Tatu mwanangu! Yule mumeo, tumbo lake limepoa?" Mtaa mzima ulisikia. Kesho yake muuza dagaa alimpa Ramazani pole ya tumbo, na majani ya kuchemsha juu yake.

Ramazani alicheka, akazirudia spika zake. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Aliweka kando amplifaya kubwa ya sinema, akaunda ndogo ya saizi ya nyumba. Akaipunguza nguvu ile honi, isije ikaifunika spika ya besi iliyo chini yake. Masanduku akayajaza usufi ndani ili yasivume. Kitanda tukakihamishia chumba cha nyuma, ili mwenye kusikiliza apate kukaa mbali kidogo na ule mdomo. Nikimwita kula, anajibu "Naja", na ugali unapoa.

Hata ikafika Jumapili moja, kaseti mpya imeingia na treni. Siku hiyo alikuwapo Mama Feza, dada mkubwa wa mama mkwe wangu, amekuja kutoka Ilagala na migebuka yake mikavu, samaki wa ziwani. Tukaketi watatu. Ramazani akawasha.

Mwanangu, nitakuelezaje? Mama yangu aliingia chumbani. Hakunguruma, hakulia kama nzi. Alisema kwa kimo cha mtu aliyeketi, taratibu, mpaka nikajikuta nimemsogezea kigoda. "Tatu mwanangu, sisi huku hatujambo. Mimi mzima. Ni miguu tu."

Na baada ya neno lile "mzima" nikasikia kitu ambacho redio ndogo ilikuwa imenificha siku zote. Pumzi. Mama alivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani, akasema maneno mawili, akavuta tena. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Yeye kaficha, na spika zimemfichua.

Nikasema, "Rudisha nyuma." Ramazani akarudisha. Nikasikiliza. Nikasema, "Rudisha tena."

Mama Feza akaniwekea mkono wake gotini. "Mutoto wangu, unarudisha ya nini?"

"Nataka nimsikie vizuri, mama."

"Umesha kumusikia. Kanda haifi, Tatu. Mutu ndiye anakufa. Unakaa hapa kulilia sanduku, na treni iko pale Kigoma inapiga honi?"

"Lakini shule, mama. Na nyumba nimwachie nani?"

"Shule ilikuwapo mbele yako, wewe haujakuja bado. Nyumba iko na mwenyewe. Enda!"

Alisema kwa ukali, na macho yake yana maji. Ramazani alikwishainuka, yuko chumba cha nyuma anatafuta sanduku langu la nguo chini ya kitanda.

Nikaomba ruhusa, nikaenda. Nilimkuta mama barazani, miguu imevimba, midomo imebadilika rangi. Akashtuka: "Nani kakwambia naumwa?"

"Wewe mwenyewe, mama."

Nilimwogesha, nikamsuka, nikampikia mlenda aliokuwa akiutamani. Tulizungumza yale yasiyosemeka kwenye kaseti, maana huko mdogo wangu huwa pembeni akirekodi. Mvua hazijakatika, akafariki, mkono wake ndani ya wangu. Nililia, lakini sikulia kilio cha aliyechelewa. Vilio hivyo viwili havifanani, mwanangu.

Leo Ramazani naye ametangulia. Spika bado zipo. Mjukuu wangu anayekaa Gungu ameziunganisha na simu, zinaimba vizuri. Nami kaseti ninazo, na mama naweza kumsikia nikitaka. Lakini juzi nilitafuta sauti ya Ramazani. Nikasikiliza kanda zote, hata zile nilizompelekea mama, nikarudi nazo huku baada ya msiba wake. Hayumo. Yeye ndiye aliyekuwa akirekodi. Nikimwambia, "Msalimie mkweo," anatikisa kichwa, ananong'ona, "Sema wewe, mimi siku nyingine." Mwisho wa kila kanda unasikika mlio mdogo tu, tak, kidole chake kikizima mashine. Huo ndio uliobaki. Jioni nyingine naweka kanda, napita maneno yangu yote, nausubiri.

Basi, mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka, na salamu ya mbali haimgeuzi mgonjwa ubavu. Wewe una simu inayokuonyesha mpaka uso wa mzazi wako. Itumie, lakini isiende badala yako. Akisema "mimi mzima", sikiliza na pumzi iliyo nyuma ya neno. Ukisikia mlima ndani yake, panda gari, panda treni, nenda. Na yule aliye karibu nawe, anayekuhudumia kimya, muulize leo ana lipi la kusema. Usimwachie siku nyingine.

Mungu akupe masikio yanayosikia na miguu iliyo myepesi. Akuwahishe kwa unaowapenda wangali na joto la kukupokea, na mlango utakaoubisha ufunguliwe na mwenyewe. Amina.