Kizibo cha Pipa la Bibi

Juzi nilitoka Kibaha asubuhi kwenda Kisarawe kuzindua daraja. Usishtuke, wa kukata utepe alikuwa mwingine. Mimi nilialikwa kama "msomi mzaliwa wa hapa", cheo ambacho maana yake ni kiti cha plastiki kwenye jua na chupa ya maji ya uvuguvugu. Nilikwenda na shahada zangu mbili, gauni ambalo fundi alilishona kabla sijaanza kula vizuri, na pakiti ya korosho ndani ya mkoba. Habari ya korosho itafika.

Daraja jipya ni la zege. Limelala juu ya bonde kama meza, halitikisiki wala halilalamiki, na malori yanapita bila hata kupunguza mwendo. Nilipiga makofi kama wenzangu, lakini masikio yangu yalikuwa yanatafuta sauti nyingine.

Zamani barabara yetu ilivuka bwawa la bonde lile juu ya mapipa. Mapipa ya chuma yalilazwa ubavu, yakafungwa kwa minyororo, juu yake zikapigwa mbao nene, na kitu chote kikawa kinaelea kutoka kijiji chetu hadi ng'ambo, kwenye njia ya kwenda Msimbu. Masika maji yakijaa, baba zetu walilegeza minyororo ili daraja lipande nayo. Kiangazi waliikaza. Gari lilipita moja moja, abiria wakiwa wameshuka wanatembea nyuma yake, na mapipa yalinguruma chini ya miguu kama tumbo la mtu mwenye njaa.

Shida ilikuwa chumvi. Maji ya bwawa yalikuwa ya chumvi, ukiwa na kidonda yanakuchoma. Hata visima vyetu vilikuwa na ladha hiyo, na wageni walikunywa chai yetu wamekunja uso. Chumvi ilikula chuma bila kupumzika. Kwa hiyo kila nyumba ilikabidhiwa pipa lake la kulikwangua kutu, kulipaka lami na kuchunga kizibo chake. Kila nyumba ilipiga pia mstari wa rangi yake juu ya lami, wetu ukiwa wa buluu. Jumamosi msimamizi wa daraja alipita na rungu akiyagonga, nasi watoto nyuma yake. Pipa lenye hewa liliitika. Lililoingia maji lilitoa sauti ya kikohozi, na hapo watu walisema, "Limekunywa!" Ukitaka kuona watu wazima wakifurahia aibu ya jirani, ungekuja kwetu Jumamosi.

Pipa la katikati, tuliloliita pipa la tumbo, lilikuwa la bibi yangu. Hilo ndilo lililobeba uzito wote, na kwa desturi, mwenye kulitunza ndiye pekee aliyeruhusiwa kuuza chai darajani. Abiria walikuwa wanashuka hapo wenyewe, wanasubiri zamu, wana njaa. Bibi aliwauzia chai na mihogo ya kuchemsha yenye nazi iliyoganda juu kama krimu. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye sufuria ile. Hadi leo nikinusa mkaa wa mkorosho na iliki, mate yananijaa.

Sasa, msimamizi alikuwa na mke, na mke alikuwa na birika jipya.

Jumamosi moja msimamizi alipogonga pipa letu, likakohoa. Bibi alikuwa amelikagua jioni ya Alhamisi, nikiwa nimemshikia taa. Kizibo kilikuwa kimekazwa mpaka mkono ukauma. Sasa kilikuwa kimelegea, na kila gari lililokandamiza daraja liliingiza maji ndani.

"Mama, umri umekwenda," msimamizi akasema kwa sauti ya huruma, watu wote wasikie. "Pipa la tumbo linataka mikono yenye nguvu."

"Mikono yangu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Watu wakacheka. Jirani yetu, ambaye alikunywa chai kwa bibi kila asubuhi, alicheka kuliko wote. Wakakubaliana kwamba pipa likinywa tena, bibi ahamishiwe pipa la ukingoni, kwenye tope, na sehemu ya chai apewe mwingine. Hakuna aliyeuliza mwingine nani. Birika lilishaonekana.

Bibi hakulia. Alirudi nyumbani akaanza kubangua korosho alizobakiza msimu uliopita.

Kama hujawahi kubangua korosho mbichi, nikwambie: kwenye ganda lake kuna mafuta meusi yanayobabua ngozi kama moto. Hayaumi papo hapo. Yanakuacha uende zako, kisha kesho yake viganja vinavimba, vinatoka malengelenge na ngozi inavuka. Sisi tulijipaka majivu mikononi kwanza. Bibi aliyakamua mafuta yale kwenye kifuu cha nazi bila haraka, akiimba wimbo wa kanisani.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda darajani kama kawaida. Akakaza kizibo, kisha akanipa kijiti chenye kitambaa nchani. "Paka wewe, una macho mazuri. Zunguka chote." Nilipaka kwa uangalifu ambao sijawahi kuupa kazi yoyote tena, hata tasnifu yangu. Chuma kilikuwa cheusi kwa lami, mafuta meusi, hakuna kilichoonekana.

"Na kama aliyekilegeza hatakigusa tena, bibi?"

"Asipogusa hataungua. Mimi simfuati mtu nyumbani kwake."

Jumamosi msimamizi hakuja. Alimtuma mdogo wake na rungu, akisema kaka ana homa. Mdogo mtu akagonga pipa la buluu, likakohoa. Mke wa msimamizi alikuwa ameshasimama pembeni na birika lake, amevaa kitenge kipya. Nilimtazama bibi nikidhani tumeshindwa. Akasema tu, "Kesho baada ya ibada nitakabidhi. Ila nimkabidhi msimamizi mwenyewe, ndiyo heshima."

Jumapili msimamizi akaja, hana jinsi. Alivaa koti, mikono mfukoni, kwenye joto la saa sita. Bibi alikuwa amechemsha chai akaimimina kwenye kikombe cha bati, kile kinachoshika moto kuliko chai yenyewe.

"Karibu chai ya mwisho, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Utakataa chai yangu mbele ya watu? Pokea kwa mikono miwili."

Akatoa mikono. Ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa, ngozi ya vidole imevuka. Pale hapakuwa na mtoto asiyejua kinachofanya hivyo. Bibi aliinamisha kichwa upande mmoja.

"Ulikuwa unabangua korosho, mwanangu? Msimu huu? Wapi?"

Kikombe kikamponyoka. Jirani yetu, yule yule, ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii bibi alimwongezea muhogo. Pipa la tumbo lilibaki letu mpaka bibi alipofariki. Birika sikuliona tena.

Msimamizi nilimwona juzi kwenye uzinduzi. Ni mzee sana, amewekwa safu ya mbele kwenye kiti chenye kitambaa, na msemaji alimwita "mlezi wa daraja letu". Mlezi! Mapipa yamekwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, wenyewe wengi wamezikwa, na juu ya zege hakuna anayejua nyumba ipi imembeba. Bibi hakutajwa hata kidogo. Wa kuisikia ngurumo ile tulibaki wawili tu pale, na mmoja wetu alikuwa anapigiwa makofi.

Nikamfuata. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mjukuu wa mwenye pipa la buluu. Nimekuletea zawadi." Nikamwekea ile pakiti kiganjani, nikaufunga mkono wake juu yake.

Alifungua kiganja akaitazama. "Korosho," akasema. "Za dukani?"

Nilizinunua kando ya barabara Kibaha, kwa kijana aliyenipunja. Mimi hata yai linanishinda kumenya.

"Nimebangua mwenyewe, babu," nikamwambia. "Kama bibi alivyonifundisha."

Nilipogeuka nyuma, pakiti ilikuwa chini ya kiti, na yeye alikuwa anafuta vidole kwenye suruali yake, kimoja kimoja.