Ghorofa za Huruma Juu ya Reli

Jumamosi ile niliingia ukumbi wa kanisa kule Donholm nikiwa nimekumbatia mtaa mzima. Ulikuwa Huruma, umejengwa kwa vitofali vya plastiki juu ya ubao, na nilikuwa nimeubeba kwa mwendo wa bibi harusi, nikiogopa hata kupiga chafya.

Chama chetu ni cha watu wazima wanaochezea treni, na hatuoni haya. Kila mmoja hujenga mtaa wake nyumbani, kisha tunaunganisha mbao zetu juu ya meza za ukumbi, reli ikatize mitaa yote na kurudi ilikoanzia. Sheria ni moja tu, na aliyeiweka ni mwenyekiti wetu, mama aliyestaafu kutoka kazi ya reli: mtaa ukisimamisha treni, unatolewa. Kesho yake, baada ya ibada, waumini wangekuja kutazama. Mimi nilizaliwa Huruma. Nilitaka waione treni ikipita kwetu.

Kosa langu ni kwamba nilijenga ninachokijua. Kwetu, ghorofa ya kwanza hukaa kwenye ploti yake kwa adabu. Ya pili hujitokeza kidogo juu ya barabara, ya tatu ikazidi, mpaka kule juu majirani wa pande mbili wanaweza kuazimana chumvi bila kushuka ngazi. Nilizijenga hivyo hivyo, nikatundika kamba za nguo kutoka balkoni hadi balkoni, nguo zenyewe nimezikata kwenye shati langu kuukuu. Chini yake nikapitisha reli. Nyumbani nilijaribu kwa kichwa cha treni peke yake, kikapita kikinguruma kwa raha. Mabehewa sikuyawaza.

Behewa la mwisho lilikuwa la mwanachama mwenzetu aliyejenga Kariokor, fundi wa viatu vya akala. Alilijaza viatu vidogo kuliko ukucha, alivyovichonga kwa tairi halisi, vikapanda kama kichuguu. Aliinama akazitazama ghorofa zangu, akatazama mzigo wake, akaanza kucheka.

"Nyumba zako zimeota vitambi."

Nilimwomba apunguze safu moja ya viatu. Akasema mteja huona rundo kabla hajaona kiatu, na rundo halipunguzwi. Heri mimi nikate balkoni, akasema. Nikamuuliza wapangaji wangu waanike wapi. Tuliendelea hivyo, watu wazima wawili, mpaka mwenyekiti akachoka.

"Wanangu, mimi sipimi. Mimi natazama treni. Washeni."

Treni ikaondoka ubao wa Donholm, ikakata kona ya Kariokor, ikaingia kwetu. Kichwa kikapita. Mabehewa yakapita. La mwisho likaja likiyumba, rundo likagusa balkoni ya ghorofa ya nne, likakwaruza. Treni ikapunguza mwendo. Ikasitasita. Nilihisi moyo wangu umekwama pale pale, chini ya kamba za nguo.

Kisha kamba ikakatika, na treni ikatokea upande wa pili imejitanda shuka jekundu kama mama anayewahi sherehe. Kiatu kimoja kilibaki balkoni.

Fundi alidai imesimama. Mimi nilisema imepunguza mwendo tu, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya akipita Huruma. Mwenyekiti alifuta miwani yake bila haraka.

"Haijasimama," akasema. "Lakini imeiba nguo za watu. Anika zingine."

Jumapili waumini hawakutaka kuona kitu kingine. Treni ilipokaribia Huruma, ukumbi mzima uliinama kutazama. Ilipotoka na shuka, au suruali, au soksi moja, akina mama wa kwaya walishikana mabega kwa kicheko. Fundi alisimama upande wa pili wa reli. Mimi nilianika, yeye akaanua kutoka juu ya viatu vyake na kunirudishia nguo juu ya mapaa, akiniita jirani, na treni ilikuwa tayari inakata kona ya Kariokor.